Vidonge Kumi na Viwili

Garsen,
2 Aprili 2024

Mjomba Hirbo,

Asalaam aleikum. Huku tunafunga vizuri, ingawa joto halina huruma na maji ya bomba yanakuja siku mbili kwa juma. Mdogo wangu Nimo bado yuko Hola kwa mumewe, anakusalimia. Redioni nimeambiwa nitasoma habari za jioni mpaka Idd, kwa hiyo nafuturu kazini. Naomba Kassim asiisahau barua hii chini ya kiti cha lori kama alivyofanya ile ya mwaka jana.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini najua huko kwenu Bangale mtandao unashika pale juu ya kilima tu, na mtu akipigiwa, wanaume kumi wanamzunguka wasikilize. Jambo hili ni la tumbo la dada yako, na yeye mwenyewe amesema: mwandikie.

Tangu Januari Mama alikuwa akiona damu chooni. Alinificha mpaka Machi. Tulipelekwa Mombasa kwa kipimo cha kamera na majibu yametoka: ana uvimbe katika utumbo mpana, upande wa kushoto, na ni saratani. Daktari wa upasuaji anasema unaweza kutolewa. Siku ni Jumatano, tarehe 17, baada ya Idd.

Kinachomsumbua daktari ni kidonda. Anasema utumbo mpana umejaa vijidudu, na unapokatwa vijidudu hivyo vinapata njia ya kuingia kwenye jeraha. Kwa hiyo ametupa karatasi ya maagizo. Siku moja kabla, Mama atakunywa dawa ya unga iliyochanganywa na maji mengi, isafishe tumbo. Siku hiyo hiyo atameza vidonge vya antibayotiki vya aina mbili, mara tatu. Ataoga kwa sabuni usiku na asubuhi. Nywele za tumboni tusiziguse, watazipunguza wao kwa mashine. Nimeisoma karatasi hiyo mara nne.

Njoo umwone kabla hatujaondoka. Hasemi, lakini kila lori likipita anatazama barabarani.

Barwako


Bangale,
9 Aprili 2024

Barwako binti dada,

Aleikum salaam. Barua imefika jana, Kassim ameileta ndani ya kofia yake. Sisi ni wazima. Majani ni machache, ng'ombe tumewasogeza upande wa lugga, ule mkondo mkavu wa mto, na ndama wawili wamekufa kwa kuhara. Mwezi ukiandama kesho, nitaswali Idd hapa kisha nishuke na lori. Jumapili nitakuwa Garsen.

Nimeisoma habari ya mama yako nikaketi. Kuna mambo siyaelewi. Kukata ninaelewa, kusafisha tumbo ninaelewa. Vile vidonge ndivyo vimenishangaza. Unajua mimi ndiye ninayedunga mifugo ya watu huku, na kwenye semina Hola daktari wa mifugo alitukataza mara tatu kwa siku moja: mnyama mzima asipewe antibayotiki. Ukimpa mzima unaiharibu dawa, na siku anayougua kweli haitamsaidia. Sasa hapa kidonda hakijakuwepo, na dawa ya kidonda inamezwa.

Lakini madaktari wa watu wana mambo yao. Tutaongea nikifika.

Mjomba wako, Hirbo


Mombasa,
26 Aprili 2024

Mjomba Hirbo,

Asalaam aleikum. Natumai ulirudi salama na mvua haikukukuta njiani. Huku inanyesha mfululizo, na tunasikia Mto Tana umeanza kupanda. Nimo amepiga simu, ana mimba ya miezi miwili. Mama alifurahi, akauliza kama wewe umeambiwa au la. Sasa umeambiwa.

Upasuaji ulifanyika siku ile ile. Ulichukua saa nne. Uvimbe umetolewa wote, kwa maneno ya daktari. Wamemtolea kipande cha utumbo ubavuni na kukifunika kwa mfuko, choo kinapita hapo. Si cha milele, wataurudisha utumbo ndani baadaye. Siku tano za kwanza alikuwa vizuri. Alikula uji, alimkemea mgonjwa wa kitanda cha pili kwa kuacha redio wazi.

Siku ya sita, Jumanne, kidonda kiliamka chekundu. Jioni kilikuwa cha moto na kimevimba. Jumatano daktari alikata nyuzi nne upande wa chini, usaha ukatoka. Sasa kiko wazi, kina upana wa vidole viwili na urefu wa kiganja, wanakijaza kitambaa chenye dawa kila asubuhi. Wanamdunga antibayotiki kwenye mshipa.

Mjomba, sielewi. Daktari aliniuliza kama maagizo ya karatasi yalifuatwa, nikasema ndiyo. Dawa ya unga aliimaliza mbele yangu, akaniambia inafanana na maji ya kuoshea masufuria. Vidonge nilimtilia mkononi mwenyewe. Alioga mara mbili. Chumbani kwao kulikuwa na wagonjwa watano waliopasuliwa juma hilo, na yeye peke yake ndiye aliyeharibikiwa kidonda. Muuguzi wa wodi, Sista Teresia, Mpokomo wa kijiji cha Wema, ameniuliza maswali yale yale mara mbili. Mara ya pili sikumjibu vizuri. Nilimwambia kama anatafuta wa kumlaumu aanze na mashuka yake. Akasema, "Dada, mashuka nimeyabadilisha mimi. Nataka kujua, sitaki kulaumu." Nikaona haya.

Kassim alishusha mbuzi huku jana akaja kumwona Mama. Mama amempa kifundo cha leso akuletee. Amesema ni buni. Sijui buni ameipata wapi Mombasa.

Barwako


Bangale,
11 Juni 2024

Binti dada,

Aleikum salaam. Barua yako ya Aprili nimeipata tarehe 8. Barabara ilikatika, lori la Kassim likakaa Hola wiki tano, naye akauza mbuzi waliobaki hapo hapo. Nilichokuwa nacho ni ile simu ya Mei uliyopiga kwa mwenye duka, akaniambia, "Mama Barwako anaendelea." Sikujua anaendelea wapi.

Nimefurahi kwa habari ya Nimo. Majani sasa yapo, maziwa yapo.

Nijibu haya, na unijibu kama unavyojibu kazini. Vile vidonge vya kabla ya upasuaji, alivimeza saa ngapi? Wewe ulikuwa wapi? Uliviona vikishuka, au uliona mkono tu? Vilikuwa rangi gani na vingapi? Na muulize daktari, kama swali lako mwenyewe: vidonge vya namna hiyo vikianza kumezwa baada ya kidonda kuharibika, vinasaidia?

Usimuulize mama yako. Niulizie daktari.

Kuhusu kifundo, kimefika.

Hirbo


Garsen,
29 Juni 2024

Mjomba,

Asalaam aleikum. Idd ya kuchinja tumeila nyumbani. Mama yuko Garsen tangu tarehe 20 Mei. Nimo anatapika kila asubuhi na anamlaumu mumewe.

Nakujibu kama kazini. Jumanne tarehe 16 Aprili tulikuwa kwenye chumba tulichopanga karibu na hospitali. Vidonge vilikuwa kumi na viwili, vyeupe sita na vya manjano sita. Viwili vya kila aina saa saba mchana, vinne vingine saa nane, vinne vya mwisho usiku kabla ya kulala. Saa saba nilimpa mkononi nikaenda kuchota maji. Saa nane nilimpa, nikageuka kumjibu mwenye nyumba. Usiku nilimpa akaenda navyo bafuni, akasema koo linakataa akitazamwa. Nilichoona ni mkono, mjomba. Miaka ishirini nawauliza watu swali hilo, ni wewe umeniuliza.

Daktari nimemuuliza. Anasema vile vidonge kazi yao ni kupunguza vijidudu ndani ya utumbo kabla haujafunguliwa. Kidonda kikishaoza, kinafunguliwa, kinasafishwa, na dawa inachaguliwa kufuatana na usaha wenyewe. Vile vya kabla haviwezi kurudi nyuma vikafanya kazi ya jana.

Sasa sikia linaloniogopesha. Saratani ilikuwa imegusa tezi mbili karibu na utumbo. Kwa hiyo anatakiwa apewe kemo, dawa ya saratani ya kupitia mshipani, miezi sita. Walitaka ianze ndani ya wiki nane. Leo ni wiki ya kumi na moja. Haiwezi kuanza kidonda kikiwa wazi, kwa sababu kemo inaushusha mwili na kidonda kinaweza kumuua kabla ya saratani. Kila asubuhi namsafisha, napima kwa rula ya plastiki. Leo ni sentimita tatu. Wiki iliyopita ilikuwa tatu na nusu. Nasoma habari za mafuriko redioni na kichwani ninahesabu nusu sentimita.

Mama haulizi kitu. Namuuliza, "Mama, nini kilitokea?" Ananijibu, "Nilikatwa." Namuuliza tena, ananiambia chai imepoa.

Na kile kifundo, mjomba, kilikuwa buni kweli?

Barwako


Bangale,
20 Julai 2024

Barwako,

Aleikum salaam. Salamu za watu wa huku zote zipokee, sitazitaja moja moja.

Haikuwa buni. Kulikuwa na vidonge kumi na viwili, vyeupe sita na vya manjano sita, vimefungwa kwenye karatasi ya hospitali yenye jina la mama yako. Kassim alipewa maneno ya mdomo pamoja navyo: "Kaka avitazame, aniambie naanza siku gani."

Sasa sikiliza. Ile Jumapili niliyokuja Garsen, wewe ulikuwa redioni. Mama yako alinionyesha karatasi na vidonge nimsomee. Ndivyo ilivyo huku, mtu akiletewa chupa ya dawa anakuja kwangu, mimi ndiye nasoma. Nilimwambia: hivi ni vya kidonda, na wewe huna kidonda. Ukivimeza sasa umevimwaga. Viweke. Ukishapasuliwa, ukiona kidonda kinaharibika, ndipo uanze. Alinisikiliza kama anavyonisikiliza tangu tukiwa watoto, akavifunga.

Sikusema ili kumdhuru. Nilisema nilichofundishwa, na kilichofundishwa ni kweli kwa ng'ombe. Hakuna aliyenieleza kwamba kuna siku mzima anapewa dawa kwa sababu ya kisu kinachokuja kesho. Wewe ulinieleza kwenye barua ya kwanza, sasa naiona. Niliisoma nikadhani ninajua zaidi.

Kidonda kilipooza akaogopa kuanza mwenyewe, maana wauguzi walikuwa tayari wanamdunga dawa nyingine. Ndipo akavituma. Vilikaa Hola wiki tano ndani ya lori. Nilipovipata niliandika kukuuliza maswali nikitumaini utanijibu kwamba kulikuwa na vingine. Sijalala vizuri tangu ujibu.

Mwambie daktari. Taja jina langu. Vidonge ninavyo, sikumpa mtu wala mnyama.

Hirbo


Garsen,
3 Agosti 2024

Mjomba,

Asalaam aleikum. Habari njema kwanza, maana ni chache: kidonda kilifunga tarehe 24 Julai, na Jumanne iliyopita Mama alianza kemo. Wiki ya kumi na tano. Daktari amesema tumechelewa, na kwamba kuchelewa bado ni bora kuliko kuacha. Nilimuuliza kuchelewa huko kutatugharimu nini. Akasema hajui, na hakuna atakayejua.

Barua yako niliisoma mara moja nikakasirika siku mbili. Niliandika jibu la kurasa tatu. Nimelichoma, kwa sababu nilikuwa nikikuandikia kama mtu asiye na lake.

Karatasi ilisema nywele tusiziguse. Nilikuandikia hivyo Aprili. Jumanne ile ile ya vidonge, alasiri, Mama aliniambia hawezi kulala mbele ya wanaume akiwa hajanyoa, na kwamba kama atafia mezani hataki waosha maiti wamkute hivyo. Alitoa wembe akanitia mkononi. Nikamnyoa mimi, kuanzia kitovu kwenda chini. Nilimkata mara mbili, mikato midogo, damu kidogo. Asubuhi, daktari alipouliza, nilisema hatukugusa. Sista Teresia aliiona ile mikato wakimwandaa. Ndiyo maana aliniuliza mara mbili, na ndiyo maana nilimtukania mashuka.

Wembe unachana ngozi na vijidudu vinajikusanya katika michubuko. Nilisoma baadaye. Tangu Aprili nilikuwa nikiamini ni mimi, na kila ulipouliza habari ya vidonge nilifurahi, Mungu anisamehe, kwa kuwa hukuuliza habari ya wembe.

Nimempelekea daktari yote mawili siku moja, lako na langu. Nilitaka aniambie ni lipi. Akasema: huenda ni vidonge, huenda ni wembe, huenda ni vyote viwili. Na kuna wagonjwa wanaofanya kila kitu sawasawa na bado kidonda kinaharibika. Akaandika kwenye faili. Nilimuuliza mara ya tatu, akasema, "Dada, hii si kesi." Nimetoka pale nikiwa sijui zaidi ya nilivyoingia.

Nyumbani nikamwambia Mama kila kitu. Hakushtuka. Akasema: "Ya Hirbo niliyajua, ya kwako niliyajua. Ningelisema lake ungemkaba, ningelisema lako angekudharau. Na mimi nina shimo tumboni, nani angenisafisha mkigombana?" Kisha akaniuliza kama nimeweka sukari.

Mwakani wataurudisha utumbo ndani. Kutakuwa na karatasi nyingine, na vidonge vingine. Hivyo vya zamani usivitupe porini wala usimpe mnyama. Wape wenye duka la dawa la hospitali.

Barwako


Mombasa,
29 Aprili 2025

Barwako,

Aleikum salaam. Mimi na mama yako tunakupongeza wewe na Nimo kwa mimba yake ya pili, ingawa mama yako anasema mtoto wa kwanza hajaota hata jino na Nimo apumzishwe. Kaa naye Hola, usije. Huku nipo mimi, na nitakueleza kama kazini.

Tarehe 22, Jumanne, chumba ni kile kile ulichopanga mwaka jana. Vidonge kumi na viwili. Saa saba na dakika tano vinne, saa nane na dakika mbili vinne, saa nne usiku vinne. Nimeandika katika daftari la ng'ombe, sina jingine. Kila mara nilisimama mbele yake. Nilimwambia afungue mdomo, nikatazama chini ya ulimi na mashavuni kama ninavyomtazama ndama aliyepewa dawa ya minyoo. Mara ya kwanza alinitukana. Mara ya pili akasema, "Na meno hesabu, uone kama naweza kuuzwa." Mara ya tatu alifungua mdomo kabla sijamwambia.

Dawa ya unga aliinywa yote. Alioga usiku na asubuhi. Kwenda bafuni nilimfuata mpaka mlangoni, nikakaa kwenye ndoo.

Jumatano walimpasua, kwa muda wa saa moja na nusu. Mfuko haupo tena. Vile vidonge vya zamani nilivikabidhi dukani kwao siku hiyo. Yule kijana wa dawa aliuliza nimevitoa wapi. Nikamwambia Bangale. Akauliza vilifikaje Bangale. Nikamwambia ni habari ndefu na yangu.

Sista Teresia bado yuko. Alinitazama, akasema, "Wewe ndiye daktari wa ng'ombe?" Nikasema ndimi. Akasema, "Basi leo ukae hapa ujifunze," na hakuniambia nitoke alipofunua bandeji.

Leo ni siku ya sita. Mimi kidonda cha mtu sijui kukisoma, nitakuandikia nilichoona. Nyuzi zote zipo. Pembeni ngozi ina rangi yake. Sista aliweka mgongo wa mkono wake juu ya kidonda, akaniambia nami niuguse mkono wake baadaye, nisikie: haukuwa na moto. Kitambaa alichotoa kilikuwa na doa moja la kahawia, kavu, dogo kuliko kucha ya kidole gumba. Alikinusa, akanipa nikakinusa. Hakikuwa na harufu ila ya dawa.

Nilimuuliza, je, ni kwa sababu ya vidonge? Akasema, "Mzee, huenda. Huenda na safari hii angepona hata bila." Bado sielewi, Barwako. Nimekubali kutoelewa.

Mama yako anauliza nakuandikia nini kirefu hivi. Anasema nikwambie hajambo, chai ya huku ni ya maji matupu, na kwamba hakunyoa. Hilo najua. Nilipekua mwenyewe mzigo wake kabla hatujatoka Garsen, nikautoa wembe kwenye pindo la leso. Ninao mfukoni.

Mjomba wako,
Hirbo